Kelele redioni: Ni upepo, ni jua au ni nguzo ya umeme?

MSIKILIZAJI wa redio aliyeko Makwale, wilayani Kyela, ana bahati moja ambayo mkazi wa Dar es Salaam hana. Akiwasha redio ya masafa mafupi usiku, mbali na viwanda na majengo marefu, anaweza kuzisikia sauti hafifu za stesheni za mbali ambazo mjini zimekwisha kumezwa na mikwaruzo.

Bahati hiyo, hata hivyo, haina ulinzi. Inaweza kutoweka siku moja tu jirani anapofunga kifaa kipya cha umeme juu ya paa lake, tena pasipo yeye mwenyewe kujua kwamba ameanza kurusha mawimbi angani.

Kelele za namna hiyo ndizo adui mkubwa wa waendesha redio wa ridhaa duniani kote. Katika nchi zenye mashamba makubwa ya umeme wa upepo, lawama huanza kwa kuelekezwa kwenye mapanga yanayozunguka juu ya minara. Lakini mara nyingi mtuhumiwa anayeonekana kutoka mbali siye mkosaji, na kumpata mkosaji halisi ni kazi yenye taratibu zake.

Makwale yenyewe haina shamba la umeme wa upepo. Lakini teknolojia inayosababisha kelele katika mitambo hiyo ndiyo ile ile iliyomo ndani ya vifaa vya sola vinavyosambaa vijijini, na kwa sababu hiyo suala hili haliwahusu Wazungu peke yao.

Redio ya ridhaa ni nini

Redio ya ridhaa ni huduma ya mawasiliano inayoendeshwa na watu binafsi wenye leseni, si kwa faida, bali kwa kujifunza, kufanya majaribio na kusaidia wakati wa dharura. Hapa nchini leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na alama za utambulisho za vituo vya Tanzania huanza na 5H. Kabla ya uhuru, vituo vya Tanganyika vilitumia VQ3.

Umuhimu wa huduma hii huonekana pale njia nyingine zinapokatika. Desemba 2004, tsunami ilipoipiga Bahari ya Hindi, kundi la waendesha redio wa ridhaa lililokuwa visiwa vya Andaman, likiongozwa na Bharathi Prasad wa India, lilipeleka habari za walionusurika kwa ndugu zao bara wakati simu zikiwa zimekatika.

Kyela nayo ina sababu zake za kulitafakari hilo. Wilaya hiyo ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mafuriko huikumba mara kwa mara. Barabara ikifunikwa na maji na mnara wa simu ukikosa umeme, redio yenye betri inaweza kuwa njia pekee iliyobaki.

Jiografia ya huko inafanya masafa mafupi yawe na thamani ya pekee. Mawimbi ya FM na ya redio za mkononi husafiri karibu katika mstari ulionyooka, hivyo huzuiwa na milima ya Livingstone na ile ya Rungwe inayoizunguka sehemu kubwa ya bonde la Kyela.

Mawimbi ya masafa mafupi, kwa mfano yale ya megahezi 7, yanaweza kurushwa wima kwenda juu. Hugonga tabaka la angahewa lenye chembe za umeme na kurudi ardhini umbali wa kilometa mamia kadhaa. Kwa njia hiyo ujumbe kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa unaweza kuuruka mlima na kufika Mbeya au Iringa bila mnara wowote katikati.

Tatizo ni kwamba mawimbi hayo hufika yakiwa dhaifu mno. Katika vipimo vya waendesha redio, ishara inayohesabiwa kuwa na nguvu sana katika masafa hayo ni ya mikrovolti 50 tu, yaani sehemu 50 za milioni moja ya volti. Nyingi zinazobeba habari ziko chini sana ya hapo. Kifaa kidogo kinachovuja mawimbi nyumba ya pili kinatosha kuzizima zote.

Kelele hutoka wapi katika mtambo wa upepo

Panga linalozunguka halitoi mawimbi ya redio. Linachoweza kufanya ni kuakisi au kukinga mawimbi ya wengine. Ndiyo maana mitambo mikubwa ya upepo imeleta malalamiko ya picha za televisheni kucheza-cheza na ya rada kuona vitu visivyokuwapo. Nchini Uingereza, Wizara ya Ulinzi imewahi kupinga baadhi ya miradi ya upepo kwa hofu ya rada zake.

Kelele inayomsumbua mwendesha redio wa ridhaa hutoka ndani zaidi, katika vifaa vya kubadili umeme. Upepo hautulii, hivyo umeme unaozalishwa nao haufanani na umeme wa gridi unaokwenda mizunguko 50 kwa sekunde. Ni lazima ubadilishwe na inveta.

Inveta hufanya kazi hiyo kwa kuukata na kuuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mkato mkali huzaa mawimbi katika masafa ya msingi, kisha katika mara mbili yake, mara tatu yake, na kuendelea hadi kwenye mamilioni ya mizunguko. Kama kifaa hakina vichujio vya kutosha, mabaki hayo hutoka kupitia nyaya, na nyaya zenyewe hugeuka antena.

Hesabu yake ni rahisi. Wimbi la megahezi 7 lina urefu wa takribani meta 43. Robo ya urefu huo, karibu meta 11, ni kipimo kizuri cha antena. Waya unaoshuka kutoka paneli ya sola juu ya paa hadi kwenye betri sebuleni unaweza kuwa na urefu huo huo. Mwenye nyumba amefunga taa. Kwa upande wa redio, amejenga kituo cha kurushia kelele.

Mitambo mikubwa iliyofungwa kwa kufuata viwango huwa na vichujio na makasha ya chuma yanayozuia uvujaji huo. Mara nyingi mitambo midogo ya nyumbani, inveta za bei nafuu na vidhibiti vya chaji visivyo na vichujio ndivyo vyenye matatizo zaidi. Uholanzi na Uswidi zimepata malalamiko mengi ya aina hii kutokana na vifaa vya sola, na wakaguzi wa serikali wamelazimika kuingilia kati.

Afrika Mashariki inaelekea huko kwa kasi. Kenya ilianza na mitambo miwili ya upepo vilima vya Ngong mwaka 1993. Mradi wa Ziwa Turkana, uliozinduliwa rasmi Julai 2019, una mitambo 365 yenye uwezo wa kilowati 850 kila mmoja, sawa na takribani megawati 310. Kipeto, katika Kaunti ya Kajiado, ilifuata mwaka 2021 ikiwa na mitambo 60.

Tanzania iko nyuma, lakini imeanza. Mwaka 2020 mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 2.4 ilianza kazi Mufindi, mkoani Iringa. Singida na Makambako yametajwa kwa miaka mingi kuwa maeneo yenye upepo wa kutosha kuzalisha umeme.

Somo la Jansky

Ufuatiliaji wa kelele una historia yenye heshima. Mapema miaka ya 1930 kampuni ya simu ya Bell nchini Marekani ilimpa mhandisi kijana, Karl Jansky, kazi ya kutafuta chanzo cha mikwaruzo iliyokuwa ikivuruga simu za redio za kuvuka bahari.

Jansky alijenga antena kubwa iliyozungushwa juu ya magurudumu ya gari aina ya Ford, akaielekeza pande zote na kuandika kila alichosikia, siku baada ya siku. Aligawa kelele katika mafungu matatu: radi za karibu, radi za mbali, na mchirizo mmoja usiokoma ambao hakujua ulikotoka.

Mchirizo huo ulionekana kurudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, muda ambao dunia huchukua kujizungusha kwa kulinganishwa na nyota. Mwaka 1933 alitangaza kwamba ulitoka kwenye kundi la nyota liitwalo Njia Nyeupe. Elimu ya kuchunguza anga kwa redio ilizaliwa hapo.

Silaha zake zilikuwa mbili tu: antena inayojua mwelekeo na daftari lenye saa. Silaha hizo hadi leo zinatosha kwa mtu wa Makwale au wa Mbezi.

Anza nyumbani kwako

Hatua ya kwanza ni kuichunguza nyumba yako kabla ya kumnyooshea kidole jirani. Weka redio kwenye betri, sikiliza kelele, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Kelele ikikoma, mkosaji yumo ndani. Washa tena saketi moja baada ya nyingine mpaka umpate. Anaweza kuwa chaja ya simu, taa ya LED, king'amuzi au friji. Nyumba ya sola haina budi kuitenganisha paneli na betri pia, kwa sababu swichi ya kawaida huenda isiikate njia hiyo.

Upelelezi mwingi huishia hapo, pengine kwa aibu kidogo.

Kama kelele inaendelea, fungua daftari. Andika tarehe, saa, masafa, hali ya jua, mvua na upepo. Baada ya wiki mbili kurasa hizo zitaanza kutoa ushahidi.

Kelele inayoanza jua linapochomoza na kufa linapozama inaelekeza kwenye sola. Inayoanza saa moja jioni na kukoma watu wanapolala ni ya taa au televisheni. Inayokuja na mawingu mazito, ikipasuka-pasuka bila mpangilio, ni radi, na dawa yake ni kuchomoa antena na kusubiri.

Kelele ya mtambo mdogo wa upepo hufuata upepo. Hukoma mapanga yanaposimama, na mtambo mwingi hauzalishi kitu mpaka upepo ufikie mwendo wa meta tatu au nne kwa sekunde. Sauti yake huweza kupanda na kushuka kadiri kasi inavyobadilika. Wakati mwingine huzidi betri ikiwa imejaa, kwani ndipo kidhibiti huanza kuukatakata umeme wa ziada ili kuuelekeza kwingine.

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki husafiri kwa urefu wa ziwa na kufika pwani ya Kyela ukiwa na nguvu. Upepo huo huo unaozungusha mapanga hutikisa pia nguzo za umeme. Nati iliyolegea, waya unaogusana na chuma au kikombe cha nguzo kilichopasuka hutoa cheche ndogo, na kila cheche ni mtambo wa redio.

Kwa hiyo kelele inayokuja na upepo haithibitishi kwamba mtambo wa upepo una hatia. Tofauti iko katika sauti na katika mvua. Cheche za nguzo hutoa mngurumo mkavu wa mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu wa mizunguko 50 hufika kileleni mara mbili katika kila mzunguko. Aghalabu hupungua au kukoma mvua inapolowesha vyuma.

Inveta na vidhibiti vya chaji huacha alama nyingine. Ukizungusha kitufe cha masafa, kelele hutokea kwa vipimo vilivyo sawa. Kidhibiti kinachokata umeme mara 50,000 kwa sekunde, kwa mfano, kinaweza kusikika kwenye megahezi 7.05, kisha 7.10, kisha 7.15, kama miti iliyopandwa kwa kamba.

Kumfuata mkosaji

Baada ya kujua aina ya kelele, ndipo mtu huondoka nyumbani. Redio ndogo ya transista yenye masafa ya kati inatosha kuanzia. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya, ambacho ni antena inayojua mwelekeo.

Igeuze redio polepole. Sauti huwa kubwa ubavu wa kijiti unapoelekea kwenye chanzo, na hufifia ncha yake inapoelekea huko. Watafutaji wazoefu hufuata kufifia, si ukubwa, kwa sababu pale sauti inapozama pana ncha kali na panasomeka vizuri zaidi.

Chora mstari kwenye ramani. Nenda mahali pengine, uchore wa pili, kisha wa tatu. Mtu anayepima kutoka Makwale, Ipinda na Matema, kama kelele ina nguvu ya kusikika kote huko, atapata mistari mitatu, na inapokutana ndipo pa kwenda kutazama. Kijiti cha feraiti hakisemi kama chanzo kiko mbele au nyuma, na hilo ndilo linalofanya mstari mmoja usitoshe.

Kuna mtego mmoja. Kelele za masafa ya chini hutambaa juu ya nyaya za umeme kwa kilometa nyingi, na mpimaji hujikuta akiufuata mstari wa nguzo bila kufika popote. Dawa yake ni kupandisha masafa kadiri unavyokaribia. Kelele inayosikika kwenye megahezi 1 inaweza kutoka mbali. Ile inayosikika bado kwenye megahezi 130, katika redio yenye uwezo wa kupokea masafa ya ndege, iko karibu sana. Hapo antena ndogo ya mapanga-mapanga kama ya televisheni huonyesha nyumba au nguzo yenyewe.

Uthibitisho wa mwisho ni mmoja: kizimwe, kelele ikome, kiwashwe, irudi. Hili lahitaji ridhaa ya mwenye kifaa. Anayebisha hodi na redio mkononi, akimsikilizisha mwenyeji kelele na kumwomba azime kwa dakika moja, hupata ushirikiano kuliko anayefika na barua ya malalamiko.

Nguzo ya umeme haipandwi, haitikiswi wala haipigwi nyundo. Namba ya nguzo huandikwa na taarifa hupelekwa TANESCO. Cheche inayosumbua redio leo inaweza kuwa hitilafu itakayoangusha waya kesho, hivyo shirika nalo lina faida ya kuijua mapema.

Tiba ipo

Kifaa kinachovuja si lazima kitupwe. Nyaya za sola zikisokotwa pamoja na kufupishwa, huacha kuwa antena nzuri. Pete za feraiti zinazovishwa kwenye nyaya karibu na inveta huzuia mawimbi yasitoke, na waya ukipitishwa ndani ya pete mara kadhaa nguvu ya tiba huongezeka. Kasha la chuma na waya wa ardhini uliofungwa vizuri husaidia pia. Pale ambapo hayo hayatoshi, kidhibiti hubadilishwa.

Upande wa redio, mwendesha redio anaweza kuisogeza antena yake mbali na nyumba, au kutumia antena ya duara na kuigeuza hadi kelele izame huku ishara ikibaki.

Sheria nayo haiko kimya. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) zinazitaka nchi wanachama kuzuia mwingiliano wenye madhara. Kamati ya kimataifa ya viwango vya kelele za redio, CISPR, imekuwapo tangu mwaka 1934. Nchini, masafa husimamiwa na TCRA chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya.

Kwa Kyela lipo jambo la ziada. Mto Songwe ni mpaka wa watu, si wa mawimbi. Kelele ya upande mmoja husikika Malawi, na ya Malawi husikika huku. Mlalamikaji mwenye daftari la saa na ramani ya mistari mitatu humrahisishia msimamizi wa masafa kazi. Asiye na chochote humwachia jalada tupu.

Tanzania bado inayo nafasi ambayo wengine waliipoteza. Mitambo ya upepo ni michache, na mashamba makubwa ya Singida na Makambako bado hayajasimama. Kelele ya redio ingeweza kupimwa katika maeneo hayo kabla ya mnara wa kwanza kuinuliwa, kisha ikapimwa tena mitambo ikizunguka. Gharama ya vipimo hivyo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya mtambo mmoja.

Vivyo hivyo kwa vifaa vya sola. Anayenunua inveta huuliza wati, bei na dhamana. Swali la nne, kama kifaa kimekidhi viwango vya kuzuia kelele za redio, ni nadra kuulizwa dukani. Nishati ya jua na upepo ni neema kwa vijiji kama Makwale, na hakuna sababu ya neema hiyo kuwanyima wenyeji sauti watakayoihitaji siku maji yatakapofunika barabara.